Kumpima Mtani: Siri na Fununu za Kariakoo Kabla ya Siku ya Mpira

Kutoka Mtaa wa Msimbazi, yalipo makao ya klabu ya Simba, hadi kwenye pembe ya Mitaa ya Twiga na Jangwani, yalipo makao ya Yanga, mtu mzima asiye na haraka hufika kwa miguu, na hata akisimama njiani kuwaamkia wazee na kuuliza bei ya nazi, safari yake haimalizi nusu saa. Ujirani huu, ambao wageni huuona kuwa jambo la kuchekesha tu, ndio ulioamua, kwa takriban miaka tisini, namna watu wa Dar es Salaam wanavyompima hasimu wao kabla ya siku ya mchezo. Huko Marekani, ambako mpira wa vyuo vikuu hujaza viwanja vya watu laki moja, hasimu hukaa mamia ya maili mbali, na kwa hiyo kumjua ni kazi ya kusafiri, ya kuajiri macho ya watu na ya kukesha ukitazama picha za michezo yake iliyopita. Kariakoo hasimu hukaa mtaa wa pili, hununua mchicha kwa muuzaji yule yule unayenunua wewe, na aghalabu hulala katika chumba kinachotazamana na chako. Habari zake hazijapata kuadimika. Kilichoadimika ni faragha. Na anayeitazama kwa nadhari historia ya kumpima mpinzani katika mji huu ataona kwamba sehemu yake kubwa ni juhudi za watu kujificha na ndugu zao.

Kariakoo ilipata jina lake baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, walipowaweka wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, katika jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga wasiwahi kulifanyia biashara. Soko lenyewe likafunguliwa mwaka 1923, likadumu hadi lilipobomolewa na nafasi yake kuchukuliwa na jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa 1975. Kuzunguka soko hilo zikasimama nyumba za udongo na makuti, baadaye za mabati, zilizojengwa kwa mtindo wa vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani kwa nyuma na baraza kwa mbele. Ndani ya nyumba ya namna hiyo aliweza kukaa Mzaramo, Mmanyema, Mngazija na Mnyamwezi, kila mmoja na mkewe na jiko lake, na mambo ya mmoja yakawa mambo ya wote kabla ya sala ya magharibi. Anayetaka kufahamu kwa nini siri ya kikosi haikukaa Kariakoo, asianze na viwanja. Aanze na ukumbi wa nyumba ile.

Wala ustadi wa kupelelezana haukuletwa na mpira. Kabla vijana hawajaanza kufukuzana na gozi katika uwanda wa Jangwani na Mnazi Mmoja, watu wa mji huu walikwisha kugawanyika katika ngoma ya beni, Marini upande mmoja na Arinoti upande wa pili, wakiwa na vyeo vyao vya kifalme na vya kijeshi, sare zao, tarumbeta na nyimbo za kutungiana. Katika mashindano ya namna ile, ambapo ushindi ulikuwa kumwacha mwenzio akitazama kwa mshangao, thamani ya nguo mpya au ya ubeti mpya ilikuwa katika kutojulikana kabla ya siku yenyewe. Na aliyewahi kudokezwa alikuwa na muda wa kuandaa jawabu. Hasimu alikuwa mtu wa kutaniwa, wa kuzikwa na wa kuozwa, nawe ulilazimika kumshinda leo na kula pilau yake kesho. Mpira uliirithi ada hiyo nzima nzima, na ndiyo maana hadi hivi leo hapana mtu mwenye lugha nzuri anayewaita Simba na Yanga maadui: ni watani wa jadi.

Yanga huhesabu kuzaliwa kwake mwaka 1935, na wenzao 1936, baada ya kundi moja kutoka katika nyumba ile ile na kwenda kuanza maisha yake chini ya majina yaliyobadilika mara kwa mara, Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, mpaka mwaka 1971, kwa nasaha za Mzee Abeid Amani Karume, jina la Kiingereza lilipoachwa na klabu ikaitwa Simba. Sababu za kutengana zinasimuliwa kwa namna mbili tatu, kulingana na upande anaokaa msimulizi, nami sioni faida ya kuamua shauri ambalo mashahidi wake wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Linalotufaa hapa ni kwamba waliotengana walikuwa wakijuana kwa majina ya utotoni. Kila mmoja alijua nani hupiga kwa mguu wa kushoto, nani huogopa kugongwa, nani akitukanwa mama yake hupoteza akili na kuuacha mpira. Na elimu hiyo, ambayo kocha wa ugenini angeilipia fedha nyingi, wao walitoka nayo bure, kama ndugu wagawanao urithi.

Katika miaka ya 1950 na 1960 kazi ya kumpima mpinzani ilikuwa ya baraza. Wachezaji walikuwa na ajira zao, bandarini, relwe, katika viwanda na mashirika, na mazoezi yalifanyika jioni mbele ya kila mwenye miguu ya kumfikisha. Muuza kahawa, aliyepita baraza hii na ile akigonganisha vikombe vyake, alikuwa ndiye gazeti la jioni, na neno alilolisikia Mtaa wa Sukuma lilifika Mtaa wa Swahili likiwa limekwisha kukolezwa. Mazungumzo yenyewe yalikuwa na adabu yake, kwa sababu mtu hakuuliza habari ya mchezaji moja kwa moja. Mzee wa Yanga alimwambia kijana wa Sunderland, kwa sauti ya huruma, “Mwanangu, nasikia yule ndugu yenu goti linamsumbua, mwambieni apumzike jamani,” naye kijana, akijua kwamba anachimbwa, alijibu, “Shikamoo, mzee wangu. Goti lipo, ila tumesikia golikipa wenu ndiye haoni vizuri magharibi.” Wote wawili wakacheka, na kila mmoja akaondoka akiupima ule mcheko. Kwani jawabu la haraka mno lilikuwa dalili, na kimya kilikuwa dalili, na mchezaji aliyekuwa akionekana sokoni kila asubuhi akitoweka kwa siku mbili, basi hata mwenye duka la khanga alijua kwamba ama ni mgonjwa ama amefichwa.

Naona ni wajibu kusema kwamba upimaji huu, pamoja na utamu wake, haukuwa na shabaha nzuri sana. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0, Maulid Dilunga na Salehe Zimbwe wakipata mawili kila mmoja na Kitwana Manara moja, ilhali Sunderland ndiyo iliyokuwa bingwa wa ligi ya taifa katika miaka yake miwili ya mwanzo, 1965 na 1966. Baraza lilikuwa hodari wa kujua nani anaumwa na nani amegombana na mkewe; halikuwa hodari wa kujua timu itakavyosimama uwanjani na mpira utapita wapi. Lilimpima mtu mmoja mmoja, na mpira huchezwa na watu kumi na mmoja.

Upungufu huo ulidhihiri zaidi vilabu hivi vilipokutana na wageni. Yanga ilipopambana na Asante Kotoko ya Kumasi mwaka 1969 katika mashindano ya mabingwa wa Afrika, hapakuwa na mpangaji, shemeji wala muuza kahawa aliyepata kuwaona Waghana wale wakifanya mazoezi; timu zikatoka sare, na Yanga ikatolewa kwa kurusha shilingi. Simba nayo, mwaka 1993, ilirudi kutoka Abidjan na sare ya bila mabao katika fainali ya Kombe la CAF, mji mzima ukaamini kwamba kazi imekwisha, kisha Stella ya huko Abidjan ikaja Dar es Salaam na kushinda 2 kwa 0. Watu waliozoea kumjua mpinzani hadi jina la nyanya yake walikuwa hawajajifunza kumsoma mtu wasiyemjua kwao.

Makocha wa kigeni ndio waliokuja na kalamu. Victor Stanculescu, Mromania aliyeifundisha Yanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baada yake Tambwe Leya kutoka Zaire, walikuwa watu wa mfumo na mazoezi ya viungo, na klabu ikaanza kuwatazama wenzao wa Msimbazi kama timu, si kama mkusanyiko wa majirani. Mwaka 1974, tarehe 10 Agosti, watani walikutana mbali na nyumbani, katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, mwaka ule ule ambao Simba ilifika nusu fainali ya mabingwa wa Afrika. Simba iliongoza, Gibson Sembuli akasawazisha muda ukiwa unakwisha, na Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta kwa akili yake ya mpira, akafunga la pili katika muda wa nyongeza. Kariakoo iliyasikia hayo kwa redio. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa baraza kuelewa kwamba mchezo wao waweza kuamuliwa mahali ambapo fununu zao hazifiki.

Miaka miwili baadaye lakini fununu zilipata sikukuu yao. Mwaka 1976 Yanga ilipasuka. Ugomvi wa uongozi, ambao baadhi ya watu waliuhusisha na kocha Tambwe Leya, uliwatoa nje wachezaji kadhaa waliotamba katika miaka iliyotangulia, nao wakawa msingi wa klabu ya Pan African. Kupima nguvu za Yanga baada ya hapo hakukuhitaji jasusi. Kulihitaji mtu awezaye kuhesabu vichwa: nani yuko wapi, nani amehamisha viatu vyake. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ilishinda 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu, Jumanne Hassan ‘Masimenti’ mawili, na moja wakijifunga wenyewe Yanga. Matokeo hayo hayajarudiwa na upande wowote, nayo hutajwa Msimbazi kila panapozuka hoja, hata hoja isiyohusu mpira.

Kuna tawi jingine la elimu hii ambalo mwandishi mwenye staha angependa kulipita kimya, ila kulipita ni kuandika nusu ya habari. Nalo ni lile la kamati za ufundi, jina la heshima ambalo watu wa vilabu waliwapa wazee waliokabidhiwa mambo ya waganga. Kamati hizo zilikuwa na upelelezi wao kamili: timu ile italala wapi, itapita njia gani, italitumia lango lipi, na chumba cha kuvalia kimefukizwa nini. Kwa hofu ya majibu ya maswali hayo, mashabiki wa Dar es Salaam wamepata kuona timu ikiliacha lango lililo wazi na kutafuta jingine, au wachezaji wakivalia jezi zao ndani ya basi ilhali chumba chao kimefunguliwa na kufagiwa. Mwaka 2003 vilabu vyote viwili vilitozwa faini kwa vitendo vya namna hiyo vilivyofanywa waziwazi uwanjani. Mimi simo miongoni mwa wanaoamini kwamba yai la mganga huzuia bao, lakini natambua kazi liliyoifanya: katika mji ambao kila jambo la mchezaji lilijulikana, mganga alikuwa ndiye mwenye siri ya pekee isiyoweza kusikika kutoka chumba cha pili, na klabu ilimlipa kwa sababu hiyo kama kwa sababu nyingine yoyote.

Njia ya pili ya kupata siri ilikuwa kuhama. Yanga ilikuwa na uwanja wake wa Kaunda, ubavuni mwa jengo lake la Jangwani, mahali ambapo Mto Msimbazi ulijaa maji wakati wa masika na watazamaji walijaa wakati uliobaki. Simba ilitangatanga katika viwanja vya mji, ambavyo vyote vilikuwa na uzio wa kuchungulika. Basi siku ya watani ilipokaribia timu zilianza kuondoka mjini, Morogoro, Bagamoyo, kisha kuvuka bahari. Na katika muongo wa 2010 ikawa kama mila kusikia kwamba Simba wako Unguja na Yanga wako Pemba, kana kwamba visiwa navyo vimegawanywa. Wenye fedha walipoingia, kambi za maandalizi zikafika mbali zaidi: Yanga ilikwenda Antalya, Uturuki, Januari 2013, Simba ikaenda Uturuki 2018, na miaka iliyofuata Afrika Kusini, Moroko na Misri. Nyumbani nako wakaondoka Kariakoo kwa mazoezi ya kila siku, mmoja akaelekea Bunju, ambako Simba ilizindua uwanja wake Desemba 2019, na mwenzake akavuka kwenda Avic Town, Kigamboni. Ofisi zimebaki pale pale. Miguu ya wachezaji ndiyo iliyohamishwa.

Lakini uhamisho huo wa miguu ulikuwa na tundu lake, kwa sababu miguu yenyewe huhama klabu. Kelvin Yondani alitoka Simba kwenda Yanga mwaka 2012. Emmanuel Okwi wa Uganda, aliyekuwa miongoni mwa waliowafunga Yanga katika kipigo cha 5 kwa 0 cha tarehe 6 Mei 2012, alivaa njano na kijani za Yanga mwaka 2013, kisha akarudi Msimbazi. Na Clatous Chama, Mzambia aliyejua kila pembe ya mchezo wa Simba, alivuka mwaka 2024. Kila anayevuka hupekuliwa kichwa na wenyeji wapya. Hata wasemaji huvuka: Haji Manara, mtoto wa yule Sunday Manara aliyewazima Simba Nyamagana, alikuwa kinywa cha Simba kwa miaka kadhaa, na mwaka 2021 akahamia Yanga, akiwatania leo wale aliokuwa akiwasifu jana kwa ufasaha ule ule.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, nionavyo mimi. Kwa kuwa habari za kila upande hupita kwa watu wa upande huo wenyewe, kumpima mtani kuligeuka zamani kuwa kuwapima wa nyumbani. Timu ikifungwa, swali la kwanza la baraza lilikuwa nani ametuuza, na swali la wapi tulipozidiwa lilikuja baadaye, kama lilikuja. Golikipa aliyetokwa na mpira mikononi, beki aliyeteleza, kiongozi aliyeonekana akinywa chai mtaa usio wake, wote waliwekwa katika mizani. Wako waliovunjiwa heshima kwa kosa ambalo mpira humfanyia kila mwanadamu. Tuhuma za namna hii zimevitafuna vilabu hivi zaidi ya mabao ya mtani, na laiti nusu ya muda uliotumika kumtafuta msaliti ungetumika kumsoma Mwarabu wa Kaskazini au Mghana, yamkini makabati ya vikombe yangekuwa na habari nyingine.

Mnamo Januari 2019 magazeti ya Uingereza yalijaa kisa cha klabu ya Leeds United, ambayo mtu wake alikutwa nje ya uwanja wa mazoezi wa Derby County. Kocha Marcelo Bielsa akakiri kwamba huwachungulia wapinzani wake wote, na klabu ikatozwa faini ya pauni 200,000. Kisa hicho kiliposomwa Kariakoo kiliwashangaza watu kwa sababu iliyo kinyume na ile iliyowashangaza Waingereza, kwani hapa kuchungulia ni haki ya raia, na aibu ni ya aliyekutwa. Siku hizi wala hakuna haja ya kuparamia ukuta: tangu Azam TV ilipoanza kuirusha ligi mwaka 2013, kila mchezo wa kila timu umo katika kumbukumbu, na makocha wana wasaidizi wao wenye kompyuta ambao huukata mchezo vipande vipande na kumwonyesha beki mahali winga wa mtani apendapo kukunja kuingia ndani. Yanga ilipowafunga Simba 5 kwa 1 tarehe 5 Novemba 2023, na kocha Roberto Oliveira wa Simba akaondoka siku mbili baadaye, wachambuzi wa redio walieleza sababu kwa lugha ya nafasi na mistari, lugha ambayo wazee wa mwaka 1968 hawakuwa nayo. Mabarazani, sababu zilizotajwa zilikuwa zile zile za siku zote.

Ungedhani basi kwamba kujificha kumepoteza maana, maadamu kila kitu kinaonekana. Mambo ya Machi 2025 yalionyesha vinginevyo. Mchezo ulipangwa kuchezwa tarehe 8, Yanga ikiwa mwenyeji, na jioni ya kuamkia siku hiyo Simba ilikwenda katika uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, kwa mujibu wa kanuni inayoipa timu ngeni haki hiyo; ikazuiwa langoni, ikawataja walinzi wa Yanga, wale waitwao makomandoo, ikatangaza kwamba haitacheza, na Bodi ya Ligi ikauahirisha mchezo saa chache kabla ya wakati wake. Ulichezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2 kwa 0 na kutwaa ubingwa, na mabishano ya Machi yakaendelea vile vile, upande mmoja ukiuliza timu ngeni ilikuwa na nini cha kuficha hata ije usiku, na wa pili ukiuliza mwenyeji alikuwa amekwisha kuweka nini uwanjani hata aogope kikanyagwe.